Kwa Nini Alto Hubaki Palepale

Miongoni mwa raha ambazo hazitajwi katika hotuba za wageni rasmi wala katika taarifa za maendeleo ya wilaya, ipo ile anayoipata mtu mzima anapoelewa, baada ya miaka mingi, sababu ya jambo ambalo siku zote amekuwa akilifanya bila kuliuliza. Raha hiyo ni tofauti na ile ya kuujua wimbo, kwa kuwa wimbo anao tayari, na ni tofauti pia na ile ya kushangiliwa, kwa kuwa mara nyingi mtu huipata akiwa kimya, ameketi kwenye benchi na karatasi iliyokunjamana mkononi. Huko Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako ni vigumu kumpata mtu asiyepitia kwaya, kaswida, jando, unyago au ngoma ya mavuno, raha hiyo iko karibu sana na mlango wa kila nyumba, ila wengi hawajaonyeshwa pa kuingilia. Hoja ya makala haya ni kwamba nadharia ya msingi ya muziki inastahili kufundishwa watu wa kawaida, bila ahadi ya cheti wala ya kipato, na kwamba katika uwanda wa Makonde nadharia hiyo itakuwa nusu iwapo itaishia kwenye ubao wa kwaya na kuiacha ngoma uani.

Nadharia ya muziki, kwa maana inayotumika hapa, si elimu ya kutisha. Ni maelezo ya mambo matatu tu: jinsi sauti za juu na za chini zinavyopangwa, jinsi sauti kadhaa zinavyopatana zikiimbwa pamoja, na jinsi muda unavyogawanywa katika mapigo. Mambo hayo yote matatu mwimbaji wa Newala huyatekeleza kila Jumapili au kila msimu wa ngoma, wala hana haja ya kuambiwa kwamba anayaweza; asichokuwa nacho ni maelezo yake.

Kwa upande wa kwaya, maelezo hayo yamekuja zaidi kwa njia ya tonika solfa, yaani mfumo wa kuandika nyimbo kwa herufi za do, re, mi, fa, so, la na ti badala ya vichwa vya nota juu ya mistari mitano. Mfumo huo ulianzia Uingereza katika karne ya 19, kwa kazi ya mwalimu wa Norwich aliyeitwa Sarah Ann Glover, kisha ukapanuliwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, ambaye nia yake ilikuwa kuwawezesha wafanyakazi na watoto wasiokuwa na fedha za kununua vinanda waimbe kwa kusoma. Wamisionari waliusambaza barani Afrika, na ni katika mfumo huohuo kwamba Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliandika mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake Watanzania huisimamia wima kama Wimbo wa Taifa. Wengi wanaousimamia hawajui kwamba ulizaliwa katika herufi zilezile ambazo mwalimu wa kwaya ya kijiji huziandika kwa chaki.

Masasi imo katika historia hii tangu mapema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA aliwapeleka huko watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakajenga makazi chini ya milima ya mawe ambayo mpaka leo humfanya mgeni atazame juu kabla hajatazama mji. Wabenediktini nao, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuharibiwa wakati wa Vita vya Maji Maji, walijenga Ndanda mwaka 1906, wakaja na uimbaji wa Kigregori, ambao ni wa sauti moja isiyo na mapigo ya kuhesabika na ambao huandikwa juu ya mistari minne. Kwa hiyo, ndani ya mwendo wa saa chache kwa gari, mkoa huu umebeba njia zaidi ya moja ya kuandika sauti, achilia mbali zile ambazo hazikuandikwa kabisa.

Karatasi ya solfa ina mantiki nzuri ambayo wengi huiona kila wiki bila kuisoma. Juu kabisa huandikwa ufunguo, yaani sauti halisi ambayo do ya wimbo huo itawekwa, mathalani G au F. Chini yake hushuka mistari minne ya herufi, mmoja kwa kila sauti: soprano, alto, teno na besi. Nukta mbili zilizopangwa wima hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja huligawa pigo katika nusu. Mkato huligawa katika robo. Kistari humwambia mwimbaji aendelee kuishikilia sauti aliyokwisha kuianza. Na kijistari kidogo kando ya herufi, juu au chini, huonyesha kwamba sauti hiyo ni ya ngazi ya juu zaidi au ya chini zaidi. Hayo ndiyo yote. Mtu anayejua kusoma gazeti anaweza kuyashika kwa majuma machache, lakini katika kwaya nyingi karatasi hizo hushikwa mkononi kama kumbukumbu ya maneno tu, huku sauti zikidakwa kwa sikio: mwalimu hugawa sauti, huimba mstari wa alto mara nne au tano, kundi la alto huudaka, kisha hugeukia teno, na jioni nzima huishia kwenye ubeti mmoja.

Namna hiyo ya kudaka kwa sikio haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa imejenga kwaya zenye nguvu, lakini inamwacha mwimbaji wa alto na malalamiko ya kudumu. Soprano hupanda na kushuka na kupewa sehemu yote tamu ya wimbo, wakati alto hurudia so, so, so kana kwamba mtunzi alimsahau. Hapa ndipo elimu ndogo inapoleta raha kubwa. Sauti tatu za do, mi na so zikiimbwa pamoja hupatana na kutulia, na wapiga gitaa huuita mkusanyiko wa namna hiyo kodi. Ipo kodi ya pili inayojengwa juu ya so, yenye so, ti na re, ambayo haitulii bali huvuta kurudi nyumbani. Na ipo ya tatu inayojengwa juu ya fa, yenye fa, la na do. Sasa wimbo ukitoka nyumbani kwenda kwenye kodi ya so na kurudi, soprano huweza kuimba do, ti, do. Teno mi, re, mi. Besi do, so, do. Naye alto huimba so, so, so, kwa sababu so ndiyo sauti pekee iliyomo katika kodi zote mbili. Hakusahauliwa. Yeye ndiye aliyeshika kiungo kinachofanya mahali wimbo ulipotoka na mahali unapokwenda pasikike kuwa na undugu.

Aliyekwisha kuelewa hilo huanza kutabiri. Wimbo unapotoka kwenye kodi ya do kwenda ile ya fa, atajua kwamba sasa hawezi kubaki palepale, kwa kuwa so haimo katika fa, la na do. Safari hii soprano ndiye anayebaki kwenye do, na alto hupanda kwenda la huku teno akitoka mi kwenda fa. Mwimbaji aliyeimba miaka 20 kwa kudaka ataisikia hatua hiyo ikija kabla mwalimu hajafungua mdomo, na kicheko kinachomtoka wakati huo si cha mzaha. Kodi hizo tatu peke yake zinatosha kuzieleza nyimbo nyingi sana za kanisani, Wimbo wa Taifa ukiwa miongoni mwa zile zinazozitegemea zaidi, pamoja na sehemu kubwa ya nyimbo za dansi na za bongo fleva zinazosikika kwenye stendi ya Masasi kuanzia alfajiri.

Swali linalofuata, yaani kwa nini do na so zipatane hata kabla ya mtunzi yeyote kuamua hivyo, halihitaji ubao. Linahitaji waya. Vijana wa vijiji vingi vya kusini huunda magitaa yao kwa ubao, kopo na waya wa breki za baiskeli, na chombo cha namna hiyo kinatosha kwa jaribio lote. Waya wenye urefu wa sentimita 60 ukipigwa mtupu utoe do. Ukibanwa ili sehemu inayolia ibaki sentimita 30, yaani nusu kamili, hutoa do ya juu, ambayo sikio huitambua kuwa ni sauti ileile iliyopanda, na umbali huo ndio unaoitwa oktavu. Ukibaki sentimita 40 hutoa so, ukibaki 45 hutoa fa, na ukibaki 48 hutoa mi. Ugunduzi kwamba upatanifu wa sauti unafuata sehemu sahili za urefu, kama nusu, theluthi mbili na robo tatu, huhusishwa na Pythagoras wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, lakini mtu hawi mdogo kwa kuugundua upya katika uwanja wa nyumba huko Kitangari, Newala. Sehemu za namba ambazo mwalimu wa hesabu alishindwa kumfundisha akazipenda, sasa anazisikia.

Wapo wanaohofu kwamba maarifa ya aina hiyo huuondoa utamu, kwamba anayejua wimbo umeundwaje hawezi tena kutokwa machozi kwa ajili yake. Hofu hiyo ina ukweli kidogo katika miezi ya mwanzo, kwa sababu mwanafunzi mpya husikia kodi kila mahali na huwachosha wenzake kwa kuzitaja, jambo ambalo familia yake italazimika kulivumilia. Baada ya hapo mambo hugeuka, kwa kuwa sikio lililojifunza husikia vitu vingi zaidi, si vichache, na kitu kinachosikika ndicho kinachoweza kupendwa. Besi inayoshuka kwa hatua ndogo, teno inayokwaruzana na soprano kwa pigo moja kabla ya kusuluhishwa, yote hayo yalikuwepo ila yalipita pamoja na kelele.

Hata hivyo, solfa ina upofu wake, na hapa ndipo sifa zake zinapopaswa kukoma. Katika kupanga sauti ni hodari, lakini katika kugawa muda huchukulia kwamba waimbaji wote wana pigo la kwanza moja, wanalikanyaga pamoja, na kwamba kila kingine ni mgawanyo wa pigo hilo. Ngoma za uwanda huu hazikubali sharti hilo. Anayetaka kuujua ugomvi wenyewe na ahesabu polepole moja hadi sita, akirudia bila kusimama, huku mkono wa kulia ukipiga goti kwenye moja, tatu na tano, na mkono wa kushoto ukipiga kwenye moja na nne. Mkono mmoja umepata mapigo matatu na mwingine mawili ndani ya muda uleule, na mikono yote miwili iko sahihi. Akiweza kuendelea kwa dakika moja bila kuhesabu kwa mdomo, ataona jambo la ajabu: akiusikiliza mkono wa kulia, wimbo unakwenda kwa tatu, na akiuhamishia usikivu ule wa kushoto, wimbo uleule unakwenda kwa mbili, ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa yeye.

Mwenendo huo, ambao umeenea katika ngoma nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini, ndio unaoipa ngoma kama sindimba ya Wamakonde mvuto wake. Ngoma ndogo hushika mpangilio usiobadilika, kubwa huzungumza juu yake, makofi ya wanaozunguka huweza kuegemea hesabu moja wakati miguu na viuno vya wachezaji vikiegemea nyingine. Mpigaji hodari hasemi kwamba anapiga tatu juu ya mbili. Hufundisha kwa mdomo, kwa silabi ambazo kijana huzirudia mpaka mikono izitii, na ngozi ikilegea kwa unyevu wa baridi ya usiku, ambayo Newala huwa kali kuliko mgeni wa pwani anavyotarajia, huisogeza ngoma kwenye moto mpaka sauti ipande tena. Hiyo nayo ni nadharia, tena imekaguliwa na vizazi vingi, na wakaguzi wake ni wachezaji ambao hukataa kusimama pale ngoma inapokosewa.

Wasomi wa nje walichelewa kulielewa jambo hilo. Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya mila kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu, yaani mashine iliyonasa sauti juu ya mitungi ya nta, akarekodi nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde na kuondoka nazo kwenda Ujerumani. Alichoshindwa kukibeba ni maelezo ya wapigaji wenyewe juu ya walichokuwa wakikifanya. Baadaye A. M. Jones, padri wa Kianglikana aliyefundisha Mapanza, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alitengeneza mashine iliyochora mapigo ya mikono juu ya karatasi inayotembea, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1959 akakiri kwa mistari na nota kwamba kila mpigaji wa Kiafrika anaweza kuwa na pigo lake la kwanza. Kwa upande wa Tanzania, Padri Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea nafasi ya muziki huo ndani ya ibada. Hivyo kuiingiza ngoma kanisani ni jambo lililokwisha kupata watetezi wake. Lililobaki nyuma ni kuiingiza ngoma darasani kama elimu yenye kanuni, wala si kama burudani ya kumpokea mkuu wa mkoa.

Badala yake kimeingia kinanda cha umeme chenye mapigo yaliyotengenezwa kiwandani. Kinanda hicho si adui, maana kimeziwezesha kwaya zisizo na wapigaji wengi kuimba kwa furaha, lakini vitufe vyake viwili vimefanya kazi ya kumzuia mpigaji asijifunze. Kitufe cha kwanza huuhamisha ufunguo, hivyo mpigaji hucheza maisha yake yote kwa vidole vilevile, na mashine humpandishia au kumshushia. Hatapata kamwe sababu ya kujua kwamba kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, umbali ni nusu tu ya ule wa kati ya do na re, jambo ambalo lingemweleza mara moja kwa nini vibonye vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Kitufe cha pili hutoa mdundo unaojirudia, na mdundo huo ukishawashwa, wazee wanaojua kupiga ngoma hukaa kwenye mabenchi na kusikiliza.

Watakaopinga hoja hii watauliza faida. Katika wilaya ambako korosho husomesha watoto, na ambako juu ya uwanda hakuna mito, kiasi kwamba maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, si utovu wa adabu kuuliza mtu mzima atapata nini akijua majina ya kodi tatu. Jibu la kweli ni kwamba huenda asipate chochote cha kupeleka sokoni, na kulificha jibu hilo nyuma ya ahadi za ajira na vipaji kungekuwa ni kumdanganya. Taifa hili, hata hivyo, limewahi kuamini kwamba mtu mzima anastahili kuelewa kwa ajili ya kuelewa. Mwaka 1962 Rais Nyerere, alipokuwa akitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma zao. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata vikundi vya wasikilizaji vilikusanyika kuzunguka redio kwa mafunzo yaliyopewa jina la Wakati wa Furaha, katika kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Mpango wa namna hiyo, wenye redio, kijitabu na mwenyekiti wa kikundi, ungeweza kufundisha solfa na sindimba bila kuongezwa chochote isipokuwa waya na ngoma.

Masasi yenyewe ina mfano ulioanzia mbali. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Kianglikana huko kuanzia 1960 hadi 1968, ndiye yuleyule padri ambaye zamani, akiwa Johannesburg, alimpatia kijana Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mwanamuziki mashuhuri, tarumbeta, na baadaye akafanikisha kupatikana kwa nyingine kutoka kwa Louis Armstrong, mwanamuziki wa jazi wa Marekani. Kinachosahaulika katika kisa hicho, kwa sababu tarumbeta hung'aa kuliko somo, ni kwamba padri alimtafutia kijana huyo pia mwalimu kutoka bendi ya manispaa, aliyemfundisha misingi. Misaada mingi inayofika kwaya za vijijini huishia kwenye tarumbeta.

Darasa lenyewe lingeweza kuwekwa katika ukumbi wa parokia, wa msikiti au wa chama cha msingi, kwa kuwa waya na namba hazina dini. Somo la kwanza lingeanza na mikono na hesabu ya sita, likiongozwa na mpigaji ngoma na si mwalimu wa kwaya, ili wale wasiojua kusoma wawe mbele siku ya kwanza. La pili lingekuwa la waya. Solfa ingefuata, kisha kodi tatu, na baada ya hapo mpigaji ngoma na mwalimu wa kwaya wangepewa kazi ya kuandika pamoja mstari mmoja wa sindimba ubaoni, wakabishane juu ya mahali pa kuiweka moja, mabishano ambayo huenda yasimalizike na ambayo wanafunzi wangejifunza zaidi kwa kuyasikiliza. Kuhusu nyimbo za jando na unyago, zibaki kwa wenyewe. Kanuni za mapigo zinaweza kufundishwa bila kuyagusa maneno yaliyofichwa kwa makusudi. Muda unaofaa ni kati ya Mei na Agosti, wakati mahindi yamekwisha au yanamalizika kuvunwa na korosho hazijaanza kuanguka. Mikorosho hupuliziwa dawa miezi hiyohiyo, lakini kazi hiyo hufanywa alfajiri kabla upepo haujaanza, na jioni watu wanakuwa na nafasi.